Futi Nne

Muuzaji wa Gerezani ananionyesha ya futi sita.
"Mama, hii ukipita mara moja, kiwanja kimekwisha."
Rangi nyekundu mbichi, bado inanuka thina.
Ameipa mgongo ile ndogo iliyo nyuma ya mlango,
kama mtu anavyoficha mtoto mchafu wageni wakija.

Mimi nimekuja na kamba.
Kamba ya katani, mafundo mawili:
la kwanza ukingo wa tairi la kushoto,
la pili ukingo wa tairi la kulia.
Jana jioni nilipima kule Kibada, nimepiga magoti matopeni,
Mwinshehe akinimulikia kwa simu na kucheka.
Futi nne kasoro inchi mbili.
Huo ndio upana wa kitu nilichoachiwa.

"Nguvu za farasi wangapi?" anauliza Msofe.
Kibati kinasema kumi na saba.
Lakini kibati kiligongwa chapa nikiwa darasa la tatu.
Farasi hao wamezeeka, Msofe.
Wawili walifia Mkuranga kwenye matuta ya mihogo,
mmoja anakohoa moshi wa samawati kila asubuhi,
na wanaofika mkiani, kule shafti inakozungukia,
ukiwahesabu kwa haki ni kumi na wawili.
Kumi na wawili hawavuti futi sita.
Watavuta hatua tano, hatua kumi,
kisha nyasi za masika zitawakaba koo.

"Chukua kubwa, uwe unakwenda mdogomdogo."
Nimeyasikia hayo miaka ishirini na mmoja.
Marehemu Shomvi kila kitu alikipima kwa kesho:
viatu vya Mwanahawa namba mbili zaidi, "atakua,"
sufuria la watu hamsini kwa nyumba ya watu watano,
mabati ya chumba ambacho hatukuwahi kukijenga.
Mwanahawa alikua kweli, sikatai.
Trekta halikui.

Na uzito je? Nainama, najaribu kunyanyua pembe ya ile nyekundu.
Haitikisiki.
Ukiitundika hiyo nyuma, pua ya trekta itatazama mbingu
na usukani utabaki pambo.

"Basi hiyo ndogo," anasema, kama anayenionea huruma.
Tunaivuta kutoka nyuma ya mlango, inakwaruza sakafu,
buibui anahama na mizigo yake.
Nalaza kamba yangu juu ya bati lake.
Mafundo yanaingia; inchi moja inabaki huku, inchi moja kule.
Zinatosha kufuta njia ya magurudumu.
Nyasi zilizokanyagwa hazikatiki,
hulala tu, ukigeuka zinaamka,
na mwenye kiwanja yuko Muscat, anatumiwa picha.

Nageuza panga kwa kidole. Ncha imelika, katikati zima.
Nauliza bei. Nakataa bei. Nakalia ndoo.
Adhana ya alasiri inatukuta kwenye elfu hamsini ya mwisho.

"Na kile kidude cha kuachia," nasema.
"Kipi?"
Kinachokaa kati ya shafti na mkia.
Maana trekta la zamani, ukikanyaga klachi, wewe umesimama,
lakini mapanga hayajui kuwa umesimama.
Yanazunguka bado, na kwa kuzunguka yanakusukuma
taratibu, mbele, mpaka mtaroni.
Mwinshehe alinieleza hilo akitazama pembeni.
Hakuna aliyetaja mtaro upi.

Msofe anapekua makopo matatu.
Anakipata, anakifuta kwa shati lake,
anakiweka mkononi mwangu, hakitaji bei.

Jumamosi. Guta ililala uani, mzigo umeshashushwa.
Nyasi za kiwanja cha kwanza zinanifika kiunoni.
Naingia. Injini inashusha sauti,
inainama kama mtu anayepokea gunia begani,
inatafuta miguu yake,
inainuka.

Katikati ya kiwanja nakanyaga klachi,
makusudi, mara tatu.
Mapanga yanajizungukia peke yake huko nyuma.
Trekta limesimama pale niliposimama.